Tangi la lita 600 sebuleni: samaki wa bahari, wa Tanganyika au wa Nyasa?

BabaZuhura, Dar es Salaam
Wakuu, habari za majukumu. Nimeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya tangi kubwa la samaki na sasa pesa imetimia. Vipimo: urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Nakaa Tabata, ghorofa ya kwanza. Umeme unakatika mara kwa mara. Maji ya bomba hayatoki kila siku, yakikosekana natumia kisima cha jirani. Nina njia tatu kichwani: samaki wa bahari pamoja na matumbawe, samaki wa Ziwa Tanganyika, au mbuna wa Ziwa Nyasa. Mke wangu anapenda rangi, mimi nataka kitu kitakachodumu. Naomba mnilinganishie.

FundiVioo
Mkuu, tuanze na sakafu kwanza. Hilo tangi linabeba lita 648, na kila lita ni kilo moja. Kioo cha milimita 12 peke yake, bila kifuniko, ni karibu kilo 120. Tia mchanga, mawe na stendi, unaikaribia tani nzima kwenye eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Katikati ya sebule usiliweke kabisa. Lisogeze kwenye ukuta unaobeba nyumba, na likatize mihimili, lisiukalie mmoja tu. Mtafute aliyejenga au mwenye ramani akuhakikishie. Kama una chumba chini, basi chini.

Wapo watakaokwambia ununue akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Ni kweli uzito wake hauzidi nusu ya kioo, lakini punje moja ya mchanga ikinasa kwenye sponji ya kusafishia, umechora mstari ambao utautazama kila siku. Mimi ni mtu wa kioo.

Nyali_Baharini
Ndugu yangu, samaki wa bahari nimewafuga mwaka wa sita sasa hapa Mombasa na nawapenda mno, lakini kwa hali uliyoieleza nakuomba usianze nao. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo kujaza lita 600 mara ya kwanza ni kilo 21 za chumvi maalumu. Maji yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki nayo, kwa hiyo kila siku unaongeza maji safi yasiyo na chumvi, ukisahau siku tatu chumvi imepanda. Na joto letu la Februari ndilo adui mkubwa. Matumbawe yakikaa kwenye joto lililozidi kidogo tu walilozoea hupauka, hivyo utahitaji mashine ya kupoza maji ifanye kazi mchana na usiku. Umeme wako hauiwezi.

Kuna wanaochota maji baharini. Mimi nachota pia, lakini mbali na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa, na wakati wa masika sichoti kabisa. Matumbawe nayo usiende kuyavunja mwambani, tafadhali. Tawi la ukubwa wa kiganja limechukua miaka kufika hapo.

Mwana_Ujiji
Kaka, mimi nimekulia Kigoma, ziwa lenyewe nimeogelea tangu utoto, kwa hiyo nitasema kwa upendeleo lakini kwa ukweli.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali) inacheza kwenye 9. Nyasa iko karibu na 8. Watu wanafikiri maji ya kisima cha Dar yakiwa na chumvichumvi basi yanafaa. Hapana. Chumvi ya kisima cha pwani mara nyingi ni ile ya mezani, na samaki wetu wanataka chokaa na magadi. Nunua kipimo cha ugumu na cha pH, pima bomba na kisima mbalimbali, ndipo uamue utumie yapi. Mchanga wa konokono na mawe ya chokaa husaidia kushikilia pH isishuke.

Sasa samaki. Tanganyika si samaki wa aina moja, ni mitaa mitatu. Mtaa wa mawe una tropheus, samaki wanaokula mwani. Hao wawekwe kundi, kumi na wawili kwenda juu, wakiwa wachache mbabe mmoja atawamaliza wengine. Ukiwalisha chakula cha nyama nyama tumbo huvimba na wanakufa. Mtaa wa mchanga una wale wadogo kabisa wanaokaa ndani ya makombe ya konokono. Ukimwaga makombe hamsini upande mmoja wa tangi utaona kila jozi inachimba, inageuza kombe lake na kulifukia mpaka mdomo tu ndio unabaki juu. Mtoto wangu hukaa hapo saa nzima. Mtaa wa tatu ni wa frontosa mwenye nundu, wa kwetu Kigoma ana mistari saba. Jike hubeba mayai mdomoni, kwa wiki kadhaa hawezi kula vizuri, koo limetuna. Huyo usimchanganye na wadogo. Alfajiri, wenzake wakiwa bado wamelala, anawameza.

Rangi ya mke wako ipo kwa tropheus. Lakini pH ikiwa juu, kosa la amonia, ile sumu inayotokana na taka za samaki, linaua haraka zaidi: kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, kwenye 9 inapita theluthi. Kwa hiyo usiingize samaki kabla tangi halijakomaa. Wiki nne mpaka sita, ukipima, mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri.

Wanjiru_Nairobi
Mbuna ndio rahisi kwa anayeanza, na kwa rangi hawana mpinzani: buluu, manjano, chungwa. Wanapigana sana, ndiyo maana tunawajaza wengi kidogo na mawe mengi, ili hasira isimwangukie mmoja. Tofauti yetu ni kwamba mimi Julai natumia hita. Wewe huko Dar huna haja nayo, shida yako ni oksijeni. Maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya 25.

Furu_Mwanza
Mmesahau Ziwa Viktoria! Kuna furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, *Pundamilia nyererei*, alielezwa kisayansi mwaka 1985 kutoka Ghuba ya Mwanza. Dume ana mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni. Furu wengi walipotea sangara alipoongezeka miaka ya 1980, kwa hiyo kila anayewafuga na kuwazalisha vizuri anafanya jambo kubwa. Sharti ni moja, usichanganye aina zinazofanana. Jike humchagua dume kwa rangi, na kwenye maji ya tope au mwanga mbaya anakosea, mnabaki na machotara.

MamaIdi
Kaka, uliyoandika kuhusu umeme ndiyo yamenigusa. Nilikuwa na filta ya kopo, ile iliyofungwa, inayokaa chini ya tangi. Umeme ukakatika saa tatu usiku, ukarudi asubuhi. Filta ilipowaka ikamwaga ndani ya tangi maji meusi yenye harufu ya yai viza. Bakteria wote wanaosafisha amonia walikuwa wamekosa hewa humo ndani. Nilipima amonia, kipimo kikageuka kijani. Nilizika samaki kumi na mmoja ndani ya siku mbili, na mmoja nilikuwa nimemlea tangu akiwa kama punje ya mchele.

Sasa natumia filta kubwa mbili za sponji na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Hazipendezi kuangalia, lakini umeme ukikatika bado zinapumua. Kopo lipo kama msaidizi, na likizimika zaidi ya saa moja nalifungua nalisuuza kwanza kabla ya kuliwasha.

BabaZuhura
Asanteni sana wakuu, na dada MamaIdi pole. Nimeamua Tanganyika: tropheus kundi moja na makombe upande wa kulia. Tangi litakaa chumba cha chini. Pampu ya betri naitafuta Kariakoo kesho kabla ya kitu kingine chochote. Fundi anaunganisha vioo Jumamosi, Jumapili naweza kujaza maji ya majaribio?

FundiVioo
Usijaze. Ipe silikoni, ile gundi ya vioo, wiki nzima ikauke, na hakikisha ni ile isiyo na dawa ya kuua ukungu. Ingiza kichwa ndani ya tangi unuse kwenye kona za chini. Kama bado unasikia harufu ya siki, subiri.