Sabato ukiwa unasoma nje, mnaishikaje?

Wayahudi wenzangu mliopo masomoni nje, hebu nisaidieni. Huku kaskazini wakati wa baridi jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni na mishumaa ya kuanza Sabato inatakiwa iwake dakika 18 kabla jua halijazama, mi Ijumaa bado niko maabara naangalia saa roho juu. Juzi niliwasha miwili peke yangu chumbani, nikafunika macho kusoma baraka, machozi yakanitoka.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Ongea na mwalimu mwanzo wa muhula, mpe tarehe zote, maana nje ya Israeli Pasaka ni siku 8 sio 7 na ile ya mwisho ndo hugongana na mitihani.

Jibu: Mimi hosteli walikataza moto kabisa, rabi wangu akaniruhusu balbu ya umeme.

Jibu: Tafuta watu! Sisi tulikuwa 9 na minyani (kundi la sala ya pamoja) inataka watu 10, tunakaa tunachungulia mlango, akiingia mmoja hata hatumjui tunamkumbatia ndo sala inaanza.

Muuliza: Asanteni, kesho namwandikia mwalimu.