Mrejesho: mota ya maikrowevu kwenye tangi la matumbawe

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza namna ya kujitengenezea hapa Kampala kifaa cha kuzungusha mdomo wa bomba la pampu, ili maji ya chumvi ya tangini yasipige matumbawe upande mmoja tu. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa mota inayozungusha sahani ya maikrowevu. Niliipata Katwe, kwa fundi wa vyombo vibovu. Someni volti zake kwanza, maana nyingine ni za 220 na nyingine 21 tu. Inakwenda polepole, mizunguko kama 5 au 6 kwa dakika, na hiyo ndiyo raha yake: mkondo unapita kila jiwe bila kulichapa. Ikikwama, yenyewe hugeuka na kuzunguka kinyume! Aliyenikataza shaba majini, Mungu ambariki. Ingeua matumbawe na konokono. Kijiti kinachounganisha mota na mdomo wa bomba, na kona zote za bomba, ni plastiki.

Kuziba kiungo kinachozunguka, pale mdomo unapoungana na bomba, kwa ringi ya mpira kumenishinda. Ikikaza, mota inalemewa, ikilegea, inavuja. Nimeiacha ivuje, kwa kuwa kiungo kiko ndani ya maji, ila mkondo umepungua nguvu na pembe ya nyuma bado inakusanya uchafu. Huko nimeongeza pampu ndogo.

Chumvi nayo hurukia mota. Nimeifunika kwa kopo la plastiki, na kila wiki nazima umeme naipangusa kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi.