Picha ya kichwa haina tatizo: je, mwanangu acheze Jumamosi?

MamaKijana: Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mwanangu wa miaka 13 aligongana vichwa na mwenzake mpirani siku sita zilizopita. Hakuzimia, lakini aliduwaa na kuuliza swali lilelile mara kadhaa. Alipigwa picha ya CT, tukaambiwa ni salama. Hata hivyo, mpaka leo kichwa humuuma akisoma kwa muda mrefu, mwanga humkera, na amekuwa mwepesi wa hasira. Mwalimu wa michezo anasema maadamu picha ni safi, acheze Jumamosi. Naomba ushauri.

MuuguziMstaafu: Pole sana, dada. Picha hiyo hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, ilhali mtikisiko wa ubongo huvuruga utendaji wa seli, nao kwa kawaida hauonekani pichani. Wala kuzimia si sharti, kwani watoto wengi hawazimii. Asicheze. Akigongwa tena kabla hajapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla, jambo ambalo ni nadra lakini limewahi kuua vijana.

BabaWawili: Wangu tulimweka gizani wiki mbili bila kitabu wala simu, akazidi kunyong'onyea. Tulikosea?

MuuguziMstaafu: Nami nilishauri hivyo miaka mingi, ndugu yangu, kwa hiyo siwezi kukulaumu. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walipendekeza mapumziko ya wastani ya saa 24 hadi 48, simu na televisheni zikipunguzwa, kisha mtoto aanze kutembea na kusoma kwa vipindi vifupi, akipunguza kasi dalili zikizidi. Masomo hutangulia, michezo hurejewa kwa hatua sita, kila moja isipungue saa 24, na ile ya kugongana husubiri dalili ziishe kabisa na daktari aridhie. Wengi hupona ndani ya wiki nne. Wiki hizo zikipita bila kupona, arudi kwa daktari.

MamaKijana: Usiku huwa namwamsha kila saa. Niendelee?

MuuguziMstaafu: Mwache alale, dada, maana usingizi ni sehemu ya tiba yake. Lakini akitapika tena na tena, maumivu yakizidi kupanda, akapata degedege, akalegea upande mmoja, au ikawa vigumu kumwamsha, mkimbize hospitali usiku huohuo.

MamaKijana: Ahsante. Kesho nitamwomba daktari barua ya kumzuia kucheza, kwa sababu mwalimu yule hatasikia neno langu peke yake.