Vijana wa kikundi chetu cha maigizo: wamalize mafunzo kwanza, au wapande jukwaani sasa?

MwalimuWaKayole: Hamjambo nyote. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufundisha vijana uigizaji. Kikundi chetu cha mtaani kilianza darasa la vijana mwezi wa pili. Wako 19, wa miaka 14 hadi 17, kila Jumamosi asubuhi. Pumzi na sauti tumezishughulikia vizuri, kuigiza papo kwa papo ndiyo wanaanza kuonja. Sasa shirika fulani linataka igizo la mimba za mapema, sokoni, Jumamosi tatu, na posho ipo. Wenzangu wanataka vijana wacheze kwa kuwa umri unaendana. Mimi nasita. Kuna msichana wa miaka 15 mwenye sauti ya ajabu, lakini juzi tulipocheza ugomvi wa baba na mama alilia, na kile kilio hakikuwa cha kuigiza. Nikiwazuia naambiwa naziba riziki, na kweli wengine huja kwa miguu kutoka Njiru kwa kukosa nauli.

JukwaaLaMtaa: Mwalimu, angalia kwanza ni igizo la namna gani. Kama ni ule mtindo wa Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, mtazamaji anasimamisha mchezo na kuingia mwenyewe. Sokoni mlevi mmoja anatosha kumuuliza mtoto swali la aibu mbele ya umati. Kijana wangu aliwahi kuulizwa hivyo, akaduwaa, na msimamizi wa mchezo akachelewa kuingilia. Hakurudi tena mazoezini. Nafasi ya msichana mjamzito mpe mtu mzima. Vijana wapige ngoma ya kuita watu na waimbe. Hapo pia wanajifunza kusikika bila maikrofoni, matatu zikipiga honi.

MamaUmoja: Mimi ni mzazi tu. Binti yangu alirudishwa saa mbili usiku na hakuna aliyenipigia simu. Ruhusa iandikwe: igizo gani, wapi, kurudi saa ngapi, posho inashikwa na nani. Na huyo anayelia, mwalimu, usimwachie jukwaa limtibu. Namba 116, simu ya kusaidia watoto hapa Kenya, haina malipo.

MzeeWaLimuru: Msiwafungie ndani pia. Mwaka 1977 huku kwetu Limuru, kijijini Kamirithu, wakulima na wafanyakazi walifanya mazoezi ya igizo hadharani, wanakijiji wakitazama na kuwarekebisha. Fungueni mlango wa ukumbi, wazazi waingie watazame Jumamosi yoyote.

MwalimuWaKayole: Asanteni sana. Jana tumekaa na wenzangu. Wakubwa watacheza, vijana 8 wenye ruhusa watakuwa kwenye ngoma na nyimbo, na sehemu ya posho itakuwa nauli ya darasa zima. Mzee, mlango tunaufungua wiki ijayo. Yule msichana nilizungumza naye, shangazi yake akiwepo, na namba nimewapa. Kuigiza hataki kwa sasa. Ameomba awe anashika mswada na kuwakumbusha wenzake maneno wakisahau, nami nimempa.