Mtutu inchi 12, eti bastola?

Mgagaa wa Mbagala: Wakuu, shikamooni. Shemeji yangu yuko Houston, kanirushia picha ya silaha fupi iitwayo Rossi Ranch Hand anayotaka kununua. Ni ile unayoshusha mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ganda linaruka, risasi nyingine inapanda. Kitako kama kimeliwa na panya. Dukani wanaiita bastola. Bastola gani ya kushika kwa mikono miwili?

Mzee wa Ilala: Marahaba. Ilitoka kiwandani bila kitako cha begani, kwa hiyo kisheria kule ni bastola kweli. Ila akiifungia kitako, au akikata bunduki ya kawaida mtutu ukashuka chini ya inchi 16, anaingia kwenye sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934. Lazima aombe na kusajili serikali kuu kabla hajagusa msumeno. Wengi hapo ndipo wanapoumia.

Dogo Kino: Halafu sheria ya serikali kuu ya kule inasema bastola dukani wauziwe wa miaka 21 kwenda juu, bunduki ndefu 18.

Mgagaa wa Mbagala: Aje nayo Desemba basi?

Mzee wa Ilala: Thubutu! Huku kuna sheria ya silaha ya 2015. Bila kibali, uwanja wa ndege hatoki. Mwambie alete viatu vya watoto.