Microsoft Money ya kwenye kompyuta ya zamani, nihamie wapi bila kupoteza kumbukumbu za miaka 14?

mjengo_taratibu

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana hili jambo linaninyima usingizi. Nipo Tanga, nyumbani kuna kompyuta ya mezani ya Windows 7 yenye Microsoft Money, ile ya mwisho kabisa iliyoitwa Sunset, waliitoa bure 2010 baada ya kuacha kuiuza 2009. Nilianza kuitumia tulipochimba msingi wa nyumba. Kila mfuko wa saruji, nondo, tripu ya mchanga, hela ya fundi na ya kibarua nimeandika humo, kisha zikaja ada za watoto, kodi ya vyumba viwili vya uani tunavyopangisha, michango ya harusi na misiba, hisa za mke wangu kwenye kikoba, yani maisha yetu yote yamo mule.

Sasa mashine imeanza kujizima yenyewe, juzi ikagoma kabisa kuwaka mpaka fundi akachomoa ram akaifuta akairudisha. Nimenunua laptopu ya Windows 11, nikakopi faili langu la .mny kwenye flashi, lakini kule halifunguki na kitu chochote. Mke wangu anasema tuhamie Excel, kijana wangu anasema aplikesheni ya simu. Mimi sitaki kitu cha kulipia kila mwezi, intaneti yangu ni ya bando, na sitaki mahesabu ya familia yangu yakae kwenye seva ya mtu nisiyemjua. Nifanyeje?

debiti_krediti

Mkuu pole, ila kabla hujachagua programu yoyote fanya hili leo hii wakati hiyo mashine bado inawaka. Faili la .mny ni kama kabati ambalo ufunguo wake anao Money peke yake, programu nyingine hazilisomi. Kwa hiyo fungua Money kwenye mashine ya zamani, nenda menyu ya File, kisha Export, itakuuliza aina mbili za QIF (aina ya faili ambalo programu nyingi za mahesabu zinalisoma), chagua ile ya loose, halafu chagua akaunti. Inatoa akaunti moja moja tu, kwa hiyo kama una akaunti kumi utarudia mara kumi, vumilia. Ukimaliza weka kwenye flashi mbili tofauti, moja ikae kwa ndugu au jirani unayemwamini.

Uzuri wa QIF ni maandishi ya kawaida kabisa, ukiifungua kwa Notepad unaona kila kitu kwa macho yako: mstari unaoanza na D ni tarehe, T ni kiasi, P ni uliyemlipa, L ni kundi la matumizi, na alama ya ^ inafunga muamala. Hata programu zote zikifa kesho, hayo mandishi utayasoma. Kitakachobaki nyuma ni bajeti na zile bili ulizozipangia tarehe, hizo utaziandika upya, kwahyo zipige picha au ziprinti.

Programu yenyewe mimi nashauri GnuCash. Ni ya bure, ipo tangu miaka ya 90, inakaa ndani ya kompyuta yako haihitaji bando ukishaipakua, na inasoma QIF. Ila ujue inafuata uhasibu kamili, kila shilingi inatoka akaunti moja kuingia nyingine, hata matumizi ni akaunti. Ukinunua bati, hela imetoka NMB imeingia Ujenzi. Wiki mbili za kwanza utaona tabu, baadaye utashangaa ulikuwa unaishije bila hiyo, maana kosa halina pa kujificha.

mama_genge

Kaka mjengo, mimi siyo mhasibu naomba niseme upande wangu. GnuCash niliijaribu nikaiacha, siyo mbaya, ila nilikuwa naiogopa kuifungua, na daftari unaloliogopa huliandiki. Nikahamia HomeBank. Nayo ni bure, nyepesi, inasoma QIF pia, unaandika tarehe, kiasi, kundi, basi. Ipo nyingine inaitwa Money Manager Ex, hiyo ina na ya Android kama kijana wako anataka simu.

Swali la muhimu ambalo hujalijibu, nani mwingine anaandika hapo nyumbani? Kikoba ni cha shemeji, kodi ya wapangaji pengine anaipokea yeye ukiwa kazini. Kaa naye chini mjaribu pamoja, mwezi mmoja tu, programu ambayo yeye ataifungua bila kukuita ndiyo hiyo mchukue. Nimeona nyumba ambayo baba alifariki na mahesabu yote yalikuwa kichwani mwake na kwenye kompyuta yenye paswedi aliyoijua yeye, mjane alihangaika mwaka mzima kujua nani anadaiwa nini. Inauma sana.

pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu, hiyo hofu yako ya kutoweka data kwa seva ya mtu iko sawa kabisa. Kule Marekani kulikuwa na Mint, ya bure na watu wengi sana, ikafungwa Machi 2024 watu wakaanza kutafuta pa kukimbilia. Na Quicken, mshindani wa Money wa siku zote, sikuhizi ni ya kulipia kila mwaka. Cha bure ndani ya mashine yako ndio salama.

Naongeza mambo mawili. Kwanza usiitupe Money. Hiyo Sunset bado inakubali kwenye Windows mpya, kama ulihifadhi ile faili ya kuinstolia iweke tu kwa laptopu iwe ya kuchungulia mambo ya zamani. Ikikataa ikisema inataka Internet Explorer 6, kile kivinjari cha zamani, tatizo ni inasoma vibaya namba ya toleo la kivinjari, kuna marekebisho ya registri, lakini hapo mpe mtu anayejua. Usidaunlodi kwa saiti za ajabu ajabu.

Pili, pesa nyingi siku hizi hazipiti benki. Mimi kila mwisho wa mwezi naitisha statementi ya M-Pesa, kwetu ni *334# ama kwa aplikesheni, inakuja PDF yenye paswedi. Nahamisha ile jedwali kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanana na Excel, nasevu kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, halafu GnuCash inaingiza. Angalia, makato ya kutuma huja kwa mstari wake peke yake, usiyafute, yawekee akaunti yake. Ukija kujumlisha mwaka mzima ndio utajua unakatwa pesa ngapi.

mjengo_taratibu

Wakuu Mungu awabariki. Nimetoa akaunti zote tisa juzi usiku, mashine ilizima mara mbili katikati lakini nimemaliza. Tumekaa na mke wangu tukajaribu zote, yeye ndiye kachagua GnuCash, anasema inafanana na daftari la kikoba upande wa kuingia na wa kutoka, sikutegemea kabisa.

Ila salio la benki haliendani na la Money, limezidi kwa mamilioni, na baadhi ya miamala ya Mei naiona ipo Machi.

debiti_krediti

Tarehe kwanza: 05/03 inaweza kuwa Machi au Mei, faili halisemi, na GnuCash ilikuuliza ukapita haraka. Salio limezidi kwa sababu naona uliingiza faili moja moja. Hela uliyohamisha kutoka benki kwenda mfukoni imeandikwa kwenye faili zote mbili, kwahyo imehesabiwa mara mbili. Anza upya na faili tupu, zipakie zote tisa kwa mkupuo mmoja ndipo uendelee mbele, itazioanisha yenyewe. Kama kuna akaunti ya dola iache pembeni uiingize peke yake, QIF haibebi sarafu. Na usishangae folda ikijaa mafaili yenye tarehe na saa kwenye jina, hizo ni bakapu inazojitengenezea.

mjengo_taratibu

Mkuu, imekubali. Nane za shilingi zote kwa pamoja, salio limelingana mpaka senti. Nimefungua akaunti ya Ujenzi nikashuka mpaka chini kabisa, muamala wa kwanza upo, tripu mbili za mawe ya msingi, na jina la dereva nililiandika. Nimemwita mke wangu aje aone. Kesho naingiza ile ya dola.