Nuzlocke, Wedlocke au aina moja tu: nianze na ipi?

kobe_wa_pwani: Wakuu, Ijumaa naanza Pokémon upya, safari hii kwa masharti. Nimebakisha hizo tatu. Ipi inafaa?

Kaskazi: Mchezo upi, mkuu? Unaanza na nani? Bila hayo tutapiga ramli.

kobe_wa_pwani: FireRed. Charmander.

Kaskazi: Basi aina moja (timu nzima ya moto, kama Charmander) iache. Moto wa kwanza wa porini utakayemkuta ni Growlithe, na yuko Route 7 na 8, ng'ambo ya pango la Rock Tunnel. Kwa hiyo viongozi wa gym mbili za kwanza, Brock wa mwamba (Onix levo 14) na Misty wa maji (Starmie levo 21), utawakabili na Charmander peke yake. Kwa Brock, subiri levo 13 apate pigo la Metal Claw. Kwa Misty ni kilio.

bi_kizimkazi: Nuzlocke. Kila eneo unakamata wa kwanza kukutokea, akizimia ndiyo kwaheri, na kila mmoja ana jina. Kinachoua wageni si Brock, ni sumu. Weedle wa Viridian Forest anachoma, pambano linaisha, mtu anaendelea kutembea. Kila hatua kadhaa damu (HP) inapungua moja. Mwenye damu kidogo hafiki mbali, anazimia njiani bila adui mbele yake. Watu wanabishana kama hicho ni kifo halali. Ni halali! Antidote (dawa ya sumu) ni 100 pale dukani Viridian, nunua tatu kabla hujaingia msituni.

Kaskazi: Ongeza ukomo wa levo usioupita kabla ya kila kiongozi: 14 kwa Brock, 21 kwa Misty, kisha 24 kwa Lt. Surge, kiongozi wa tatu. Na kwenye mipangilio, Battle Style weka Set, la sivyo unabadilisha Pokémon bure kila adui akizimia.

mzee_wa_jozi: Wedlocke ndiyo inayofikirisha. Dume na jike wanafungwa pamoja, na kwenye pambano unabadilishana na mwenzake tu.

bi_kizimkazi: Kwa anayeanza? Akikosa jinsia inayolingana timu inakwama.

kobe_wa_pwani: Yule Magikarp wa 500 kwenye Pokémon Center ya Route 4, anahesabika kama wa eneo hilo?

Kaskazi: Anahesabika. Umemnunua, umemaliza Route 4.

mzee_wa_jozi: Hapana, wa kununuliwa si wa nyasini. Levo 20 anakuwa Gyarados, mwenye nguvu, na bado uko chini ya ukomo wa Misty.

bi_kizimkazi: Ndiyo maana akatazwe! Oddish wa majani yupo Route 24, atamtosha Misty.

mzee_wa_jozi: Na nyasi za Route 24 zikikutolea Weedle?